Breki Zilizopakwa Mafuta: Kwa Baiskeli Kutoka Kambarage Hadi Nyarugusu

Tangu nirudi Shinyanga nimeisimulia safari hii vipande vipande: kwa mteja huyu nikiwa nimeinamia cherehani yake, kwa jirani yule tukisubiri maji bombani. Kila mtu ana kipande chake na hakuna mwenye safari nzima. Mke wangu, Mama Elisha, ameniambia niiandike yote ili nami nipumzike. Basi, wenzangu mlioniuliza, mambo yalikuwa hivi. Na Deus ni mzima, msisikilize maneno ya sokoni.

Kwa asiyemfahamu, Deus ni shemeji yangu, seremala, mzaliwa wa Ushirombo. Alimwoa dada yangu mdogo, Minza, wakapata mtoto mmoja wa kike, Limi. Miaka miwili iliyopita Limi alikuwa kwa mama yangu, Nyarugusu, kwenye machimbo ya Geita, na Minza akapanda basi kwenda kumchukua. Basi likapinduka njiani. Minza tulimzika Ushirombo, kwa kina mumewe, na mama akarudi Nyarugusu na mjukuu. Deus alirudishwa Shinyanga kwa gari la ndugu, amejifunika shuka usoni njia nzima. Tangu siku ile hajapanda gari la aina yoyote. Mtoto wake amemsikia kwenye simu tu.

Mwezi wa kumi na mbili alinijia kibandani kwangu ninakotengeneza cherehani. "Shemeji, Limi anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Nataka nikamchukue. Kwa baiskeli."

"Na kumrudisha? Mtoto yule utamrudisha kwa baiskeli?"

"Tukifika nitajua," akasema.

Nikaenda naye.

Kambarage hadi Tinde

Tuliondoka Kambarage, mtaani kwetu, asubuhi ya manyunyu, siku chache baada ya Krismasi. Baiskeli zetu ni zile za milimani za mtumba, matairi mapana yenye meno, breki za diski. Kwa ambaye hajaziona, mpira haubani rimu. Katikati ya gurudumu kuna sahani nyembamba ya chuma, na vipande viwili vidogo vinaibana kutoka pande zote mbili. Vipande hivyo ndivyo pedi. Kimoja hakizidi sana ukucha wa kidole gumba, na kabla ya safari hii sikuwa nimewahi kuvifikiria hata siku moja.

Barabara kuu ile ni ya malori makubwa na mabasi. Malori Deus aliyavumilia. Kila basi lilipotokea nyuma yetu alishuka, akaisukuma baiskeli mpaka kwenye majani, akaligeuzia mgongo hadi lipite. Kisha akarudi barabarani, tukaanza upya. Mwili ukipata moto, unapoa. Ukipata tena, unapoa tena. Kufika Tinde magoti yangu yalikuwa yameshachoka kama ya mtu aliyelima kutwa.

Tulikula ugali na kuku wa supu kwa mama mmoja pembeni mwa barabara. Alitutazama tulivyolowa, akaangalia baiskeli, akauliza kwa huruma, "Mnaendesha kwa ajili ya ugonjwa gani?"

Sikumwelewa. Kumbe alishawahi kuona msafara wa waendesha baiskeli wa kuhamasisha watu kupima afya, akadhani tumetoka kwenye kundi hilo na wenzetu wametuacha.

"Wangu mwenyewe, mama," Deus akamjibu.

Yule mama alichukua bakuli la Deus, akalijaza tena supu.

Tinde hadi Kahama

Mbele ya Tinde kulikuwa na kipande cha barabara kinachotengenezwa, tukaingizwa kwenye mchepuko wa udongo mweusi wa mbugani. Mvua ilikuwa imeunyeshea usiku kucha. Udongo ule haukuachii. Unajaza matairi, unajaza mnyororo, unakushika viatu, mwishowe baiskeli inakubebesha badala ya kukubeba. Tulizibeba mabegani. Tulipozitua kwenye lami na kuanza kuteremka, nikasikia breki zangu zinasaga kama mtu anayetafuna mchanga. Baada ya muda zikaanza kupiga mlio mwembamba, mkali, kila nilipogusa mkono wa breki. Watu waligeuka barabarani.

Kahama tuliingia jua likizama. Kabla ya kutafuta pa kulala nikasema nitafute pedi. Niliingia duka la kwanza lililokuwa na vipuri mlangoni, tyubu na minyororo imening'inia. Sikuangalia kilichokuwa ndani. Nyuma ya kaunta alikuwa dada mmoja mwenye heshima zake.

"Habari za jioni, dada. Una pedi?"

Akapunguza sauti. "Zipo, kaka. Za kawaida au za usiku?"

Nikafikiri kidogo. "Sisi tunasafiri mchana tu."

"Ni za mke wako?"

"Hapana, zangu mwenyewe. Nataka za mbele na za nyuma. Hizi nilizonazo zimekwisha, zinapiga kelele mpaka watu wananigeukia."

Dada yule aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akachukua pakiti rafuni, akaifunga kwa gazeti haraka haraka, akanisogezea kwa upole ambao mtu hampi mtu mzima mwenye akili timamu. Nikalifungua gazeti pale pale. Nikaona nilichopewa.

Nilisikia sauti nje nikadhani mtu amekabwa na kitu kooni. Alikuwa Deus, ameshika nguzo ya baraza, anacheka. Tangu mazishi sikuwahi kumsikia akicheka. Nikabaki nimesimama na pakiti mkononi, uso unawaka, na sikutaka aache.

Dada alipoelewa naye alicheka mpaka akaegemea kaunta, akatuelekeza kwenye duka la vipuri vya pikipiki. Pedi za pikipiki ni kubwa kama biskuti. Mwenye duka alijitolea kuzipunguza kwa tupa mpaka zifanane, nikamshukuru, nikakataa. Nilijiambia zangu zitanifikisha. Mtu aliyechoka hukubali jambo lolote linalomruhusu kwenda kulala.

Kahama hadi Ushirombo

Kesho yake mvua haikunyesha, na jua lililipa deni la jana. Barabara inapanda kidogo, inashuka kidogo, mashamba ya mahindi machanga, miti, mashamba tena, na upepo umetuelekea usoni. Masumbwe tulikaa kivulini kwa mama aliyekuwa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, tukaitafuna na karanga. Ilifika mahali nikawa nahesabu mapigo ya miguu tu, nikipoteza hesabu na kuanza tena.

Nyumbani kwao Deus ni nje kidogo ya mji. Tulipoteremka kuingia uani nilishika breki, ule mlio ukatoka, mbuzi wakatawanyika na mama yake akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

"Mnachinja nini?"

"Ni baiskeli ya shemeji, mama," Deus akasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Inalia hivyo kwa nini?"

"Imechoka."

Mama Deus ni mtu wa sala na wa kutumikia wageni. Alitupa maji ya moto ya kuoga, ugali wa mhogo, maharage, maziwa ya mgando. Jioni Deus alikwenda peke yake nyuma ya nyumba kwenye kaburi la Minza. Alikaa huko mpaka mama yake akaniambia, "Kamwite, umande unaanza." Nilimkuta anang'oa majani. Dada yangu yuko pale chini ya saruji ndogo safi. Nami nikachuchumaa, nikang'oa upande wangu. 

Asubuhi nilipotoka nikamkuta Mama Deus uani amepiga magoti mbele ya baiskeli yangu, chupa ya mafuta ya alizeti mkononi na kitambaa. Alikuwa amepaka diski ya mbele na ya nyuma, amepaka na ndani, akidondoshea mafuta taratibu kwenye zile pedi kama anavyompa mtoto dawa.

"Nimeiponya," akasema. "Usiku kucha nimeifikiria. Ilikuwa inalia kwa ukavu. Ya Deus nayo ningeipaka, lakini chupa imeishia kwako."

Wenzangu, mnajua kazi yangu. Kwenye cherehani mafuta ndiyo dawa ya karibu kila kitu, kwa hiyo namwelewa kabisa. Ila breki inashika kwa sababu ni kavu. Pedi ikishanywa mafuta, haishiki tena, na haikaushiki. Nilijua hivyo, nikamwangalia mama yule mwenye magoti yenye vumbi, nikasema, "Ahsante sana, mama. Mungu akubariki." Wewe ungesema nini?

Tulipopinda kona nilishuka, nikaifuta diski kwa shati langu la akiba mpaka nikaona sura yangu. Deus akauliza kama zinashika. Nikajaribu kwenye tambarare, nikasema zinashika kidogo.

Mteremko baada ya Runzewe

Runzewe tulikunja kuelekea Katoro. Huko nchi inaanza kupanda na kushuka kwa kweli, na mabondeni kuna majaruba ya mpunga. Mteremko wa kwanza niliuteremka polepole, nikiburuza kiatu. Wa pili ulikuwa mrefu. Katikati yake nikaona chini kundi la ng'ombe linavuka barabara, na upande wa pili lori linapanda.

Nilibana breki zote mbili. Mkono wa breki ulikuwa mgumu kama kawaida, na ndiyo maana mwanzoni sikuelewa. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi isipokuwa baiskeli kusimama. Upepo ukazidi masikioni. Nyuma nilimsikia Deus akiniita jina langu, si shemeji, jina langu, "Masalu! Masalu!" Ng'ombe wakawa wakubwa. Nikapindisha usukani kushoto, nikaruka mtaro, nikaingia kwenye jaruba, na maji na matope na miche ya mpunga vikanipokea.

Niliinuka mwenyewe. Kiwiko kimechubuka, mdomo umejaa matope, basi. Lakini Deus alikuwa amekaa chini pembeni mwa lami, mikono kichwani, anatetemeka mwili mzima. Alitapika. Nilipomfikia alikuwa anarudia, "Nimekuona umekufa. Nimekuona."

"Niangalie. Niko hapa."

"Turudi, shemeji."

"Kurudi kuna vilima hivi hivi."

"Basi nitakaa hapa."

Na kweli alikaa. Nilisema yote niliyoyajua na hayakumwinua. Mtu aliyemwinua alikuwa mwenye jaruba, mwanamke wa makamo aliyekuja akikanyaga tutani, sketi ameifunga magotini. Aliangalia mpunga wake ulivyolala, akaniangalia mimi, akamwangalia Deus.

"Kuna aliyekufa?"

"Hakuna, dada," nikasema.

"Basi njooni mpande miche mliyoing'oa."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja kazi iliyobaki. Nikaingia kwenye maji. Baada ya muda nikasikia mtu mwingine anaingia nyuma yangu. Tulipanda mche mmoja mmoja, tumeinama, matope yanafika kwenye mashavu ya miguu, yule mama akipita nyuma yetu kunyoosha mistari yetu mibovu. Deus alipanda mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kisha akaendelea kupanda hata mahali ambapo sikuharibu mimi.

Jua lilikuwa limekwenda tulipotoka. Mwenye jaruba alituelekeza nyumba ya wageni iliyokuwa mbele. Kuanzia pale hatukupanda baiskeli tena. Deus hakutaka nikae juu ya ile yangu hata kwenye tambarare, tukatembea tukizisukuma, jioni hiyo na kesho yake mpaka mchana.

Katoro

Katoro ni mji usiokaa kimya. Kila anayepata dhahabu kidogo huko machimboni anakuja kuitumia hapo. Tulizunguka maduka, safari hii nikisema "pedi za breki za baiskeli" kwa sauti ya juu tangu mlangoni. Mwishowe tukaelekezwa nyuma ya soko kwa Mama Rehema, anayeuza baiskeli za mtumba. Alikuwa na moja iliyotundikwa juu, breki zake sawasawa na zangu. Nilipanda juu ya kreti nikaangalia pedi zake. Nene, kama mpya.

"Hiyo siuzi vipande," akasema. "Nikiitoa pedi itakuwa baiskeli gani? Pambo?"

Nikambembeleza. Akatikisa kichwa. "Na ninyi mnakwenda wapi na machubuko hayo?"

"Nyarugusu. Kumchukua mtoto wake," nikasema, nikamwonyesha Deus.

"Magari ya Nyarugusu si yale pale? Pandeni, mkamchukue mtoto, muache kunisumbua."

Ndipo Deus, ambaye tangu jana alikuwa amesema maneno machache tu, akafungua mdomo. Alimweleza mama yule asiyemjua jambo ambalo mimi, shemeji yake, sikuwahi kulisikia.

"Mke wangu alikuwa anakuja kumchukua mtoto huyo huyo. Mimi ndiye niliyemsindikiza stendi. Alikuwa amekaa ndani, upande wa katikati. Nikaona kuna nafasi dirishani, nikamwambia hamia pale upate hewa. Hakutaka kusumbua watu. Mimi ndiye niliyeshika mkoba wake nikamhamisha. Basi liliangukia upande ule wa dirisha. Wa katikati walitoka."

Nilikuwa bado nimesimama juu ya kreti. Sikujua niteremke au nibaki.

Mama Rehema alichukua kamba, akaiteremsha ile baiskeli mwenyewe, akailaza mbele yetu. "Fundi wangu amekwenda Geita. Toeni wenyewe."

Kazi yenyewe si kubwa ukiwa umepumzika. Sisi hatukuwa tumepumzika. Unalitoa gurudumu. Kile kibumba cha chuma kinachobana diski kina pini ndogo inayopita katikati, ncha zake zimekunjwa. Unazinyoosha kwa koleo, unaivuta pini, na pedi mbili zinatoka pamoja na springi nyembamba inayozitenganisha. Zangu zilitoka nyeusi, zinang'aa kwa alizeti, zimebaki unene wa karatasi ngumu. Tulinunua spiriti duka la dawa, nikaosha mikono, nikasafisha diski mara tatu kwa kitambaa kipya, nikamkataza Deus asiiguse kwa vidole.

Watu walishakusanyika. Mmoja, mchimbaji mtu mzima mwenye mabuti ya mpira, alikuwa akitoa ushauri kwa kila hatua. Wakati ninasafisha springi, gurudumu likiwa bado nje, akaushika mkono wa breki akaubana ili aone unavyofanya kazi.

"Usi—" nikasema, nimechelewa. Vile vibonyezo viwili vya ndani vinavyosukuma pedi, vikikosa diski katikati yake, vinatoka na kukutana. Vilikutana. Pedi mpya hazikuwa na pa kuingia.

"Samahani, mkuu," akasema mchimbaji, akarudisha mikono mfukoni.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kulia kwa ajili ya kitu kile kidogo. Deus akachukua bisibisi bapa, akaifunga kitambaa ncha, akaanza kuvisukuma nyuma, kimoja, kisha kingine, bila haraka, kama anayefungua fremu ya mlango bila kutaka ipasuke. Vikarudi. Nikaweka pedi mpya na springi, nikapitisha pini, nikakunja ncha. Tukarudisha gurudumu. Nyuma tukafanya vile vile, na safari hiyo Mama Rehema alisimama kati ya baiskeli na mchimbaji.

Pedi mpya hazishiki mara moja. Lazima uendeshe kidogo, ubane, uachie, uendeshe tena, mpaka zizoeane na diski. Niliposhika usukani Deus akaniondoa mkono.

"Naanza mimi."

Akaipanda. Akazunguka uwanja ule wa nyuma ya soko, akibana na kuachia. Mara za kwanza iliteleza. Kisha ikaanza kung'ata. Akaja kasi kuelekea kwangu, akabana, tairi likakwaruza vumbi, akasimama mbele ya kifua changu. "Tena," akasema mwenyewe, akarudi mwanzo. Alirudia mpaka watu wakatawanyika na Mama Rehema akatuambia anafunga.

Nyarugusu

Njia ya Nyarugusu ni changarawe na madimbwi, na karibu na machimbo unasikia mashine za makarasha zinasaga mawe ya dhahabu kabla hujaona nyumba hata moja. Tulitazamwa na vijana wa mashimoni, weupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatuni. Nyumba ya mama iko upande wa mashamba. Tulimkuta anatandaza dagaa juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Shikamoo, mama," Deus akasema.

Mama akaendelea kutandaza dagaa.

Limi alitoka ndani, mrefu kuliko nilivyotegemea, akatusalimia sote shikamoo kama wageni wowote. Alivutwa na baiskeli. Tulikuwa tumetoka tu kwenye mteremko wa mwisho. Akanyoosha kidole kwenye diski, na Deus akaudaka mkono wake hewani.

"Ya moto hiyo. Itakuunguza."

Hakuuachia mara moja. Limi akamwangalia. "Sauti yako ni ya kwenye simu," akasema.

Mama alikuwa ameona. Alikuja mpaka tulipo, mikono inanuka samaki.

"Mimi nilipanda basi kwenda kumzika mwanangu," alimwambia Deus, taratibu, mtoto akisikia. "Basi, barabara ile ile. Wewe ulishindwa kupanda kuja kumwona aliye hai?"

"Nilishindwa, mama."

Nilitaka kueleza habari ya dirisha. Deus alinitazama, nikanyamaza. Habari ilikuwa yake, naye hakuitumia kujitetea.

Tulikaa siku kadhaa. Mama alitulisha vizuri, ugali na dagaa na mlenda, na kila jambo la kumwambia Deus alimwambia Limi amwambie baba yake. Hivyo ndivyo mtoto alivyoanza kutumia neno hilo, akipeleka ujumbe. Baba, bibi amesema kuna maji. Baba, bibi anauliza unakula pilipili. Siku moja mama alinikuta nimelala mchana, akakaa mlangoni.

"Mtoto ni wake," akasema. "Ampeleke shule. Lakini si juu ya baiskeli."

Stendi

Deus alikubali kujaribu basi, kwa hiyo Limi alibebwa kwenye keria yake mpaka Katoro tu, amevaa gauni la sikukuu. Basi la Shinyanga lilikuwa linanguruma. Baiskeli zilifungwa juu. Mimi nilitangulia kuingia, nikashika viti viwili, vya katikati.

Deus alikuja mpaka mlangoni, amemshika Limi mkono. Niliona kiatu chake kinainuka kufika kwenye ngazi. Kikashuka. Kikainuka tena. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Mzee, panda au pisha," kondakta akasema.

"Baba, panda," akasema Limi.

Alijaribu, jamani. Nataka hilo lijulikane hapa Shinyanga. Alishika vyuma vya mlango kwa mikono yote miwili mpaka mishipa ikamtoka. Kisha akaachia, akachuchumaa chini, mbele ya watu wote. Nikashuka, nikaomba baiskeli ziteremshwe. Kondakta alilalamika, abiria wakalalamika, basi likaondoka na vumbi lake.

"Tumeachwa?" Limi akauliza.

"Hapana, mwanangu. Mimi nimeshindwa."

Mtoto akafikiri. Akapanda mwenyewe kwenye keria, akasubiri.

Mama alikuwa anafua mashuka ya Limi tuliporudi. Alituona tangu mbali, akasimama na maji yanamchuruzika viwikoni. Nilijiandaa kwa maneno makali. Deus akaegesha baiskeli, akamteremsha mtoto, akaenda mbele ya mama akapiga magoti kwenye udongo uliolowa.

"Mama, siwezi kumpeleka. Shule ipo hapa. Watu wanaotaka milango na vitanda wapo hapa. Naomba nikae."

Mama akakamua shuka. Akalikamua mpaka halikuwa na tone, akalitundika, akalinyoosha pembe moja, kisha nyingine. Halafu akamjibu yeye mwenyewe, bila kumtuma mtoto.

"Chumba cha nyuma mlango wake umetoka bawaba. Huo uanze nao."

Asubuhi nilipoondoka, Deus alikuwa ameshautoa mlango wenyewe, ameulaza juu ya matofali uani. Limi alikuwa amekaa katikati yake, miguu imekunjwa, ili usisogee wakati baba yake anachonga. Niliaga. Mtoto alinipungia mkono mmoja tu, mwingine ameshikilia ubao.